Picha Iliyofanya Uliliwe Ukiwa Hai

Baba,

Ningekuwa huko nyumbani Sikuda ningekupigia magoti hapo mlangoni ndiyo nikusalimie. Hapa Ujerumani nimeyapiga kwenye zulia la chumba cha kupanga, na mwenye nyumba akichungulia atadhani natafuta hereni. Goti lako linaendeleaje? Mihogo imeshika? Mama anasema unakula vizuri, ila akitaja jina langu unainuka, unatoka nje. Miezi mitatu sasa hutaki kushika simu yangu, ndiyo maana naandika.

Mama amenisimulia yote. Nilichora uso wako kwa moyo mweupe, rafiki yangu akaibeba picha hadi Busia, kaka Wandera akaipeleka kwa fundi wa fremu. Fundi alikuwa na fremu nyeusi tu, zile za misiba. Kisha mwenye bodaboda akaifunga mbele ya pikipiki, uso ukitazama barabara! Eti alipoulizwa alijibu, "Sasa mimi najua nini? Picha kubwa hivi ni ya maziko tu." Akachomeka matawi ya msiba, akapiga honi kutoka mjini mpaka kwetu. Shangazi alipouona uso wako akajitupa chini njiani, kijiji kizima kikaja kulia naye, wengine na kuni za matanga kabisa. Nawe ukatokea shambani, jembe begani, ukauliza, "Nani amekufa?" Shangazi akasema, "Ni wewe!"

Najua kwetu kumlilia mtu aliye hai ni mkosi. Najua pia ulivyosema: "Mwambieni huyo mtoto asijisumbue kuja. Amekwisha kunizika." Haki ya Mungu, Baba, sikuwaza. Huku watu wanatundika picha za wazima ukutani, na miaka minane imenisahaulisha kwamba kwetu picha kubwa hutangulia jeneza. Wandera usimgombeze. Kosa ni langu.

Lakini kuna jambo hata Mama halijui. Nafua nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi nawachora. Wanakaa kimya, hawana haraka, na nyuso zao ndizo zilizonirudishia hamu ya kushika penseli. Siku moja nikasema, leo namchora Baba. Macho yakaja. Paji la uso likaja. Mdomo ukakataa. Nilikaa hapo, mtoto wako wa kuzaa, sikumbuki baba yangu anachekaje! Picha niliyo nayo ni ile ya kitambulisho, umefunga mdomo kama unagombana na serikali.

Nililia, Baba. Kisha kulikuwa na mzee mmoja, seremala wa zamani, akanicheka nilipomwaga supu, na mdomo wake ukaenda kushoto. Nikasema, ndiyo huo. Nikauchukua nikauweka kwako. Kwa hiyo siku ile ulipoitazama picha ukasema "huyu si mimi," wote wakadhani ni hasira, kumbe ulisema kweli. Nisamehe.

Mzee yule alifariki mwezi uliopita. Watoto wake walisimama kimya, wakavaa makoti, wakaondoka. Mimi nililia mpaka muuguzi akaniketisha. Si yeye niliyekuwa namlilia. Nilikuwa nakulilia wewe, unayepalilia mihogo Sikuda. Basi usimkasirikie Shangazi peke yake, hata mimi nimefanya lilelile.

Makaratasi yangu ya kuishi huku bado. Nikitoka sasa sitaruhusiwa kurudi, na nikibaki nazidi kukusahau. Sijui lipi baya zaidi.

Msalimie Mama, mwambie nimepata ile sweta. Msalimie Shangazi, na simcheki, au namcheka kidogo tu. Wandera mwambie picha aitoe kwenye fremu ile. Akitaka aichome.

Jumapili baada ya kanisa nitapiga simu ya Mama. Kama hutaki kusema nami, usiseme. Kaa tu karibu na simu, Baba, ukohoe. Nisikie kwamba upo.

Ni mimi binti yako,
Nafula