Kumbukumbu za Kikao Kuhusu Jiko la Pelleti Lililosemekana Limepoa

Ndugu mjumbe, kabla hujasoma, nakuomba sana kila neno humu libaki kwako. Usizitume kumbukumbu hizi kwenye kundi la WhatsApp, usimsomee mwenzako mezani, na usizisahau kwenye kiti cha treni. Ninayeandika nimepanga chumba nyumbani kwa Mwenyekiti.

UMOJA WA WAZUNGUMZAJI WA KISWAHILI, BREDÄNG
KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumapili, 16 Novemba 2025
Mahali: Nyumba ya Umoja, Bredäng

Waliohudhuria: Mzee Damian (Mwenyekiti), Mama Gaudiosa (Makamu), Bwana Ludovic (Mjumbe), Eliakim (Katibu).
Mwalikwa: Dada Anitha, bibi harusi mtarajiwa.
Wasiohudhuria: Bwana Njoroge, yuko kazini Sundbyberg. Bi. Ruqaya, bila udhuru, ila alituma sambusa.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa nane mchana. Wajumbe walikaa na makoti kwa sababu ya baridi, isipokuwa Mwenyekiti, aliyevaa shati na kukaa karibu na jiko.

KUMB. NA. 2/11/2025: HALI YA JIKO
Mwenyekiti alieleza kwamba jiko la pelleti, yaani vile vipande vidogo vya mbao iliyoshindiliwa, limekuwa likizimika ovyo na kioo chake kimekuwa cheusi. Fundi wa dohani atakuja Alhamisi. Safari iliyopita alionya kwamba akikuta uchafu tena atapiga marufuku kuwasha moto.

Dada Anitha aliikumbusha kamati kwamba harusi yake ni Jumamosi, humu humu, na hakuna ukumbi mwingine uliobaki. Bibi yake amewasili huku ughaibuni kutoka Bukoba na kwa sasa analala na kofia. "Nimemwahidi kwamba ukumbini kuna moto," alisema. "Msinifanye mwongo mbele ya bibi yangu."

Mwenyekiti alisema chanzo kinajulikana: kuna wanachama wanaogeuza jiko kuwa la kuchomea chakula. Alimtazama Makamu. Makamu alisema kwamba mahindi ya mwaka jana hayakuwa yake, na kwamba alinyang'anywa ufunguo kwa mahindi ambayo hata hakuyaonja.

KUMB. NA. 3/11/2025: AZIMIO LA UFUNGUO
Mwenyekiti alipendekeza kwamba yeyote atakayethibitika kuweka chakula ndani ya jiko asishike tena ufunguo wa nyumba, "awe mdogo, awe mkubwa". Bwana Ludovic aliunga mkono. Azimio lilipita kwa kauli moja. Mwenyekiti aliagiza liandikwe kwa herufi kubwa. YEYOTE ATAKAYETHIBITIKA KUWEKA CHAKULA NDANI YA JIKO ASISHIKE TENA UFUNGUO.

KUMB. NA. 4/11/2025: USAFI WENYEWE
Mwenyekiti alieleza kwamba alizima jiko tangu Ijumaa ili lipoe, na kwamba angevuta majivu mara moja kwa mashine ya kufyonza vumbi ya Umoja. Aliwaomba wajumbe watoke nje kwanza, vumbi lisiwadhuru.

Makamu, ambaye ni mwalimu wa kemia, alipinga. Alisema makaa hujificha ndani ya majivu, mashine ya kawaida huyapulizia hewa, na mfuko wake ukishika moto harusi itafanyika majivuni.

Mwenyekiti: "Mama Gau, nimesema tangu Ijumaa. Makaa gani hayo, ya kiroho?"

Makamu aliweka mgongo wa mkono karibu na mlango wa jiko. "Mwenyekiti," alisema, "Ijumaa yako bado ina joto."

Kikao kiliahirishwa hadi jiko lipoe kabisa, na sambusa za Bi. Ruqaya zililiwa. Mwenyekiti hakula. Alisema ameshiba.

Jiko lilipopoa, Makamu alichomoa waya wa umeme na kuvuta trei la majivu. Ndani mlikuwa na viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye foili. Cha tatu kilikuwa kimepasuka ndani ya bakuli dogo ambamo pelleti huungua, na utomvu wake ulikuwa umeziba matundu ya hewa. Dada Anitha, aliyefika wa kwanza, alikumbuka kumkuta Mwenyekiti peke yake ndani, akifunga mlango wa jiko kwa haraka. Ufunguo wa nyumba ni mmoja, na anao yeye.

Mwenyekiti alieleza kwamba lilikuwa jaribio.

Makamu aliuliza king'ora cha hewa ya sumu kiko wapi. Kilikutwa kabatini, bila betri. Mwenyekiti alieleza kwamba kilikuwa kinapiga kelele mno wakati wa jaribio.

"Mzee wangu," alisema Dada Anitha, "ungetuzika na viazi vyako."

Mwenyekiti alivua saa, akakunja mikono ya shati na kuomba brashi. Alizibua matundu moja moja, akakwangua masizi, akafuta kioo kwa karatasi yenye unyevu na kukagua kamba ya kuzibia mlango. Majivu yaliwekwa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kupelekwa nje, mbali na ukuta. King'ora kilirudishiwa betri na kujaribiwa. Kililia vizuri. Jiko liliwashwa, na moto ukawaka wa manjano, bila moshi.

KUMB. NA. 5/11/2025: UTEKELEZAJI WA KUMB. NA. 3
Mwenyekiti alipendekeza azimio lianze kutumika mwakani. Bwana Ludovic alisema: "Président, sheria umeitunga weye mwenyewe. Na herufi kubwa umeziomba weye."

Ufunguo ulikabidhiwa kwa Makamu.

KUMB. NA. 6/11/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti alimwagiza Katibu aandike "kitu kisichojulikana" mahali pa "viazi". Katibu aliomba, kwa heshima, agizo hilo kwa maandishi. Halikutolewa. Viazi viwili vilivyobaki vilimenywa na kugawanywa. Vilikuwa vitamu, na Mwenyekiti alipewa kipande.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni, wajumbe wakiwa wamevua makoti.

Mwenyekiti: Damian (amesaini bila kusoma, alama nyeusi ni masizi ya kidole chake)
Katibu: Eliakim

Mwenye masahihisho asinipigie simu jioni, kwani chumba changu na sebule ya Mwenyekiti vinatenganishwa na ubao tu. Jumamosi asubuhi, kabla ya harusi, nitakuwa maktaba ya Tensta, meza ya nyuma. Ukilazimika kupiga na akapokea mtu mwingine, sema umekosea namba. Usitaje viazi.