Glavu Alizonivisha Mama Mutheu

Kangemi

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku sote ni wazima. Mjomba wako amepata mtoto wa kike, na kuku wako mweusi bado anatagia jikoni. Umeniuliza, huko hospitalini unakofanya kazi Mombasa, kama ni kumdharau mgonjwa wa kansa ukivaa glavu na gauni kabla ya kumwekea dawa. Swali hilo mimi nililijibu vibaya nikiwa msichana.

Miaka ya hamsini nilikuwa nikisafisha wodi na kuosha wagonjwa katika hospitali moja mjini. Dawa ya kansa ilikuwa ngeni, na sista wa wodi alitugawia glavu za mpira. Zangu nilizificha mfukoni. Kwetu, kumshika mgonjwa kwa mkono uliofunikwa ni kumwambia unamwonea kinyaa.

Siku moja dawa ya Mama Mutheu, mgonjwa kutoka Ukambani, ilimwagika shukani, nikaipangusa kwa mikono mitupu. Kesho yake vidole vilijaa malengelenge. Nilivificha, lakini akaviona.

"Hiyo dawa nimepewa kwa sababu niko na ugonjwa," akasema. "Wewe uko na ugonjwa gani?"



Vidole vilipopona, nilirudi kitandani kwake. Alikuwa amebaki mifupa, lakini alizitoa zile glavu mfukoni mwangu, akanivisha mwenyewe, kidole baada ya kidole, kama anayemvisha mwanawe asubuhi ya baridi. Ndipo akakubali nimwoshe.

Nyanya yako, ambaye bado ana vidole kumi,
Rael