Nilificha Jina la Aliyenifundisha Kutayarisha Kichwa

Mama Capitoline mupendwa, wewe unayejibu barua zetu katika gazeti, nisaidie, maana furaha na haya vinanikaba pamoja.

Minye ni Félicité, muganga wa dispanseri hapa Uvira, na mwaka wa 1964, waasi walipoingia muji na dokta akavukia Burundi, nilibaki na muganga mumoja tu, Gakwaya, aliyeshuka toka Bijombo, kule milimani, kutusaidia, na wagonjwa walijaa mupaka inje, huyu na jeraha la risasi, yule na homa, na kila nilipotoka kumusikiliza mama mumoja niende kumupimia mutoto dawa, maneno ya yule mama yalikuwa yangali yanasema ndani ya kichwa changu, hesabu inapotea. Siku moja Gakwaya alinishika mukono, kikombe cha kinini, dawa ya malaria, kikiwa karibu na mudomo wa mutoto.

"Félicité, umezidisha mara mbili. Ungemuua."

Nililia. Hakunitukana. Alisema: "Kichwa hakiruki toka kazi moja kwenda ingine hivi hivi. Kinataka kujulishwa mbele. Simama kidogo, ujiulize: sasa ninaenda kusikiliza ao kuhesabu? Utaona kinajipanga chenyewe. Ndipo ushike dawa."

Nilijaribu, nikawa ninasimama, ninajiambia "sasa ni kilo, sasa ni matone", na Mama, hata siku risasi zilipita juu ya bati nilipima sawasawa, na yule mutoto leo anasoma shule, nikimuona ninamushukuru Mungu na Gakwaya.

Lakini vita ilipokwisha, Gakwaya akiwa amerudi kwao, dokta mupya alikuja, akashangaa: "Unapima vizuri sana! Nani alikufundisha?" Siku zile watu wa milimani walikuwa wanashukiwa bure kwamba walisaidia waasi. Niliogopa, nikajibu, "Nilijifunza mwenyewe." Akanifanya mukubwa wa dispanseri. Sasa Gakwaya ameshuka kuomba kazi, dokta anasema yeye hamujui muntu huyu, naye Gakwaya alinisalimia kwa furaha, "Dada, uko muzima!", bila kuniuliza kitu. Nikisema kweli, hawatanitoa kazini?

Félicité wa Uvira

Félicité binti yangu,

Asante kwa kazi ulifanya wakati wengi walikimbia, nami nikiwa kati yao. Sasa sikiliza. Kuogopa siku zile si kosa. Kosa ni kunyamaza leo, wakati hakuna anayekushikia bunduki. Unasema unamushukuru, wapi, moyoni? Shukrani ya moyoni haimupi muntu kazi. Na hayo aliyokufundisha, waganga wote wanayahitaji, wewe umeyakalia.

Watakutoa? Pengine. Lakini sioni dokta mwenye akili akifukuza muganga anayepima sawasawa kwa sababu amesema kweli. Kesho asubuhi mupeleke Gakwaya kwa dokta. Usitume barua. Sema: "Huyu ndiye alinifundisha, na minye nilimuficha." Kisha umuombe Gakwaya musamaha palepale, dokta akisikia.

Mama Capitoline

Kabla gazeti halijachapwa, Félicité, niliyekuwa nimemutumia jibu mapema, aliniandikia: "Nilisema yote. Dokta akamugeukia Gakwaya, akamuuliza: 'Unaweza kuanza lini?' Gakwaya akakunja mikono ya shati. 'Wagonjwa wanangoja,' akajibu."