Utabiri Nilioubadilisha

Kashojwa, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Mpwa wangu Eliane,

Maharagwe yameanza kuiva, na mbuzi amezaa mapacha. Mimi sitaumaliza mwezi huu, basi acha nikiri.

Mwaka ule wa ukame nilikuwa mtafsiri katika redio moja ya umma, Mbarara. Wataalamu wa hali ya hewa waliandika kwamba mvua ingechelewa. Kwetu Kivu, Kongo, mvua ya Septemba haikosi, nikawadharau, nikasoma hewani: "Pandeni!" Mama yako akafukia mbegu zote, na njaa ikamuua.

Jana adhuhuri mama yako huyo huyo alipita mlangoni pangu na jembe begani. Nikamwita, "Dada, usipande, nilidanganya!"

Akacheka. "Kaka, acha mizaha! Redio ilishasema."

Redio yangu haina betri, lakini sauti yangu ya mwaka ule ilikuwa ndani yake, ikisema, "Pandeni!" Njoo umwambie wewe. Mimi ananiamini redioni tu.

Mjomba wako,
Léopold