Cheti Kisicho na Muhuri

Jumatatu, 3 Februari 2025. Nchiru

Uji, kisha kompyuta. Ninashikilia jambo hili, na nitalitetea popote: cheti cha usalama wa tovuti kinachotolewa bure ni imara sawa na kile kinachonunuliwa. Anayebisha alete hoja, si methali.

Leo nimesakinisha zana ya kukipata kwenye seva ya chama cha wakulima wa miraa, Laare. Wanunuzi huagiza kwenye tovuti hiyo alfajiri, kabla majani hayajanyauka. Jaribio la kwanza lilikataliwa: jina la tovuti lilikuwa bado linaelekeza kwenye seva ya zamani. Nikasahihisha. La pili likakubaliwa. Alama ya kufuli, ishara ya usalama, ikatokea kwenye kivinjari. Nikapiga makofi peke yangu, chumbani.

Kamati ya chama ikiridhika, nitaajiriwa kuitunza tovuti. Ajira ya kwanza tangu nihitimu. Sitaki nyingine.

Alhamisi, 6 Februari. Laare

Mbele ya kamati. Mzee Kaberia, mwenyekiti, hakuuliza habari za usalama.

"Cheti chenyewe kiko wapi?"

Nikamwonyesha kufuli. Akageukia ukuta, ilipo leseni ya chama ndani ya fremu.

"Hicho tutakitundika wapi? Na muhuri uko wapi, msomi?"

Wakacheka. Nikaeleza. Cheti huisha baada ya miezi mitatu. Zana hukihuisha yenyewe. Kila mara, mtoaji wa cheti hubisha mlango namba themanini wa seva, njia ya mawasiliano ya mashine, kuhakikisha kwamba tovuti ni yetu. Lazima mlango huo ubaki wazi.

"Mlango wazi usiku kucha? Laare hii?"

Hapa miraa hulindwa shambani kwa mbwa na tochi. Nilipaswa kuliona swali hilo likija. Nywila ya seva wakampa Murithi, mwenye duka la kompyuta mjini Meru, "aiangalie kwanza". Akaagizwa aufunge mlango. Nilipinga mara mbili, kwa sauti.

"Rahisi ni ghali, kijana," akasema Mzee. Methali. Kikao kikafungwa kwa maombi.

Jumamosi, 8 Februari. Nyumbani

Mama ni mwanachama. Aliyasikia yote sokoni.

"Si uwachapishie tu karatasi, baba? Itakupunguzia nini?"

Itanipunguzia ukweli. Cheti hiki ni hesabu kati ya mashine mbili. Karatasi yake ni uongo wenye fremu. Nilimjibu kwa ukali. Akaendelea kufunga vibunda vya miraa kwa kamba za mgomba.

Jumatatu, 5 Mei. Nchiru

Mama alipiga simu kabla ya jua. Hakuna aliyeagiza. Kila mnunuzi anaona onyo jekundu: tovuti si salama. Vibunda vyake vimenyauka ndani ya majani ya mgomba.

Nikatazama. Cheti kiliisha jana. Nikaubisha mlango wa themanini kutoka hapa chumbani. Kimya. Umefungwa, kama Mzee alivyoagiza. Nywila sina. Siwezi kugusa chochote.

Sokoni wanamwambia Mama, "Cha bure cha mwanao kimeoza."

Ninawachukia leo. Ninaandika hivyo bila kujisahihisha.

Jumatano, 7 Mei. Laare

Mkutano mkuu. Onyo limetoweka. Murithi alisimama na karatasi ndani ya fremu, imepigwa muhuri wa duka lake, wa rangi ya zambarau. Makofi. Mzee Kaberia aliitundika kando ya leseni kwa mkono wake. Akatangaza kwamba Murithi ndiye mtunza tovuti.

Nikafungua simu, nikabonyeza kufuli, nikasoma jina la mtoaji. Ni yule yule wa bure. Ni zana yangu, pale nilipoiweka. Alichofanya Murithi ni kufungua mlango, zana ikakihuisha cheti yenyewe.

Nilinyoosha mkono nizungumze. Wakaimba wimbo wa kufunga.

Alhamisi, 8 Mei. Laare

Mvua tangu asubuhi. Nilirudi ofisini, hapakuwa na mtu. Nimebandika karatasi kwenye ubao wa matangazo:

"Mzee Kaberia, kwa heshima. Cheti kinachotumika leo ni cha bure. Mwanachama yeyote abonyeze kufuli, asome. Cha kwanza kiliisha kwa sababu mlango ulifungwa. Nani aliagiza ufungwe? Ninadai jibu mbele ya wanachama wote, si pembeni."

Nimeweka jina langu kamili. Muhuri sina.

Mama alinisubiri kwenye baraza la ofisi akiwa na mwavuli. Hakuuliza nimeandika nini. Aliusoma ubao wote, polepole, kisha akanipa upande mkavu wa mwavuli.