Sahani ya Peke Yake

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Barua yako imefika hapa Bofu. Sote tu wazima, ila goti langu lanisumbua. Waniuliza kama umtenge mumeo, kwa kuwa amepigwa miale ya hospitali ya kutibu uvimbe wa ini. Muulize daktari wenu, matibabu ya siku hizi siyajui. Mimi nakwambia niliyoyaona.

Babu yako alipigwa miale hiyo Nairobi, miaka ya themanini, nasi tungali vijana. Alirudi hana nguvu, akitapika, ngozi ya ubavuni imekuwa nyeusi kama iliyoungua. Daktari alitwambia kwamba mashine ikizimwa, hakibaki kitu mwilini. Lakini mamake babu yako alipoiona ngozi ile alisema moto ungali ndani. Akamwondoa kwenye sinia la wanaume, akampakulia sahani yake peke yake barazani, juu ya mkeka wake.

Babu yako aliitazama, akaniuliza, "Mwaniogopa?"

Tangu siku hiyo akawa hagusi chakula. Sisi tukailaumu miale.

Alikufa kabla ya Ramadhani. Siku ya hitma, ya kumsomea Kurani, watu walikaa barazani juu ya mkeka wake, wakala sinia moja, na hapana aliyeogopa.

Daktari asipokukataza, kula naye leo.

Bibi yako,
Mishi