Dume Mdogo na Chujio la Mama

Jumatatu, 9 Mei 1994
Bado nahesabu meno ya buibui. Dume wa saba: safu ya juu nane, ya chini tisa. Taya zake ndefu kuliko kifua, zimetokeza mbele utafikiri kauma koleo. Macho manane, safu mbili. Niliwatoa kwenye matete ya mto kule mtaa wa Lucky Summer. Buibui hawa hujinyoosha kwenye jani, miguu mbele, wakawa kama kijiti. Ukikosa subira huwaoni.

Daktari, mkuu wetu maabara, anataka aina za wote kumi na wawili Ijumaa. Nikipatia, naandikwa kazi ya kudumu. Nikikosea, kibarua changu pale maabara kimeota nyasi. Mwaka wa tatu huu. Nimechoka.

Jumanne, 10 Mei
Majike wananitesa. Buibui wengi, aina ya jike huijua kwa kigamba kigumu chini ya tumbo. Hawa hawana. Umeachiwa meno ya taya, na dume wa kuwalinganisha naye. Nina majike wanne wasio na jina, na dume mmoja tu wa aina yao. Mdogo, mwembamba. Vipapasio vyote viwili, vinavyotambulisha aina, vizima. Mwiba wa taya upo, ule wa kumbania jike meno wakipandana, asije akamtafuna. Mungu ana mambo!

Vichupa vya maabara vimekwisha. Nimeokota robo sokoni Gikomba, ile chupa bapa ya walevi. Nikaiosha, nikatia spiriti na madume watatu, yule mdogo akiwemo. Nimewaleta nyumbani Shauri Moyo bila ruhusa, niwahesabu meno usiku. Wako nyuma ya ndoo ya unga.

Jumatano, 11 Mei
Nimetoka kazini nikamkuta Mama kaketi kitandani, macho mekundu. Robo mezani, tupu. Spiriti yote kaimwaga mtaroni. Baba alikufa na robo kama hiyo mfukoni. Nilijua, na bado nikaileta humu. Mjinga mimi.

Alidhani nimeanza chang'aa, tena iliyokolezwa buibui ipande kichwani haraka. Kwa hivyo aliichuja kwa chujio la chai. Buibui akawatia kwenye glasi ya maji, ushahidi wa kuwaonyesha akina mama wa kanisa kesho. Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Glasi ina wawili. Mdogo hayuko. Tumepiga magoti mtaroni, mimi na Mama, majirani wakiuliza tumepoteza pete gani. Hakuna kitu.

Alhamisi, 12 Mei
Nimeamka na hasira. Nimemwambia Mama sitaki chai yake. Akaipika vivyo hivyo. Akachukua chujio, akalikung'uta, kisha akaliinamia.

"Rispa, huyu si wako?"

Chini ya ukingo, pale wavu unapoingia kwenye bati. Amekauka, amekunjamana. Nimemlowesha kwa kijiko cha maji nikashika kioo cha kukuzia. Mguu mmoja umebaki kwenye chujio. Taya zipo. Mwiba upo. Vipapasio viwili. Ee Mungu wangu, asante! Nimekunywa chai vikombe viwili, imechujwa kwa kitambaa.

Nimempa Mama kioo, nikamweleza kazi ya mwiba. Ameangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe hata huku mume anaogopa," akasema. Sijamsikia akicheka hivyo tangu matanga ya Baba.

Ijumaa, 13 Mei
Nimemweleza Daktari yote, hata chujio. Nimekemewa, na nilistahili. Kisha akaketi kwenye darubini saa nzima, dume mdogo huku, majike kule. Kumi na mmoja nimepatia. Mmoja nimekosea, na hata yeye ilibidi afungue kitabu. Naandikwa mwezi ujao. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, nilitaka tu kutembea.

Jumapili, 15 Mei
Jana nilirudi Lucky Summer. Safari hii Daktari ameruhusu buibui walale kwetu, ndani ya robo ileile, hadi kesho.

Mvua kidogo. Mama katoka kanisani, kavua viatu. Anasoma ngumbaru, shule ya watu wazima, herufi zake bado zinayumba. Amekata karatasi akaigundisha kwenye robo kwa uji: SI POMBE. KAZI YA RISPA. Hakuirudisha nyuma ya ndoo. Ameiweka mezani, kando ya picha ya Baba, kila anayeingia aione.